Kijiko cha Kwanza cha Tantine

Kabla sijamwacha binti yangu mahali pale, nilikagua choo. Halafu nikaingia jikoni, nikafunua sufuria bila kuomba ruhusa, nikanusa mafuta ya kupikia, nikapitisha kidole kwenye ubao wa kukatia vitunguu. Ndivyo nilivyo. Sokoni Gisenyi, ninakouza vitenge, wenzangu wananiita Inspekta, na jina hilo sijawahi kulikataa.

Mwanamke anayeendesha kile kituo cha watoto baada ya shule alinitazama tu, mikono kiunoni. Ni mrejeaji kutoka Kongo, mwenye sauti nene na kicheko cha karibu. Watoto wote wanamwita Tantine, kama mtu anavyomwita shangazi yake.

"Ingia tu, mama," aliniambia. "Angalia yote. Na kule nyuma iko maji ya kunawa, usisahau kuonja."

Nilijua ananitania. Nilikwenda kuyaangalia vilevile.

Nilikuwa na sababu. Miezi michache kabla ya hapo tulikula kwenye harusi ya jirani, na nyama ikatudhuru wengi. Sisi wakubwa tuliumwa tumbo tukapona. Binti yangu, mtoto wa miaka saba, alilazwa na kutundikiwa dripu, na akiwa pale kitandani akawasikia watu wakisema kwamba chakula kile kilikuwa na sumu. Tangu siku hiyo hakugusa chakula ambacho hakukiona mwenyewe nikikipika, kuanzia kuosha viazi hadi kupakua. Shuleni alishinda njaa. Baada ya shule alishinda njaa pia, kwa kuwa mimi nafunga kibanda jioni. Sketi ya shule ikawa inamvuka. Nikaipunguza kiunoni, kisha nikaipunguza tena. Daktari hakunizungusha: akiendelea kukonda atarudi wodini, na huko atalishwa kwa mpira wa puani.

Mimi nimekulia Tanzania, kwa mama ambaye hakumbembeleza mtu mbele ya sahani. Nilijaribu ukali. Nilijaribu zawadi. Nilipiga magoti mbele ya mtoto niliyemzaa mwenyewe. Wapi!

Tantine alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Anakataa ama anaogopa?"

"Kuna tofauti gani?"

"Iko, mama. Iko kubwa."

Kesho yake alianza kazi yake, na kazi yenyewe ilinitia hasira. Hapa kwetu Rwanda, mwenye nyumba akimkaribisha mgeni pombe, huonja yeye kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni aone kwamba hakuna kibaya ndani. Tunaita kusogongera. Binti yangu alikwisha kuiona desturi hiyo kwa babu yake mara nyingi. Basi Tantine akaitoa kwenye pombe akaipeleka kwenye maharage. Kila siku, watoto wengine wakishapakuliwa, alikaa kando ya binti yangu kwenye benchi la watoto, magoti yakimfika kidevuni, na bakuli moja mbele yao. Alichota kijiko, akatafuna taratibu, akameza. Akaweka kijiko kingine kisafi ndani ya bakuli. Hakusema "kula". Alikaa naye akimsimulia habari za kuku wake, na baadaye akalichukua bakuli likiwa limejaa vilevile.

Nilivumilia siku chache tu, kwa sababu uvumilivu sikujaliwa. Jioni moja nilimkuta akirudisha jikoni viazi vizuri vilivyotoka mashamba ya Mudende, havijaguswa, nikalipuka pale pale uani.

"Unamwangalia tu? Mwambie ale!"

"Ku sisi mugeni hatumulazimishake, mama."

"Huyu si mgeni! Kwani amekuja kuposa mtu hapa?"

Tantine alicheka mpaka akajifuta machozi. Kisha uso ukabadilika. "Sikiliza. Mutu ya kuogopa haponaka na makelele. Akizidi kukonda, mi mwenyewe nitamubeba, tutaenda naye hospitali. Lakini leo umuache."

Nilimwacha, kwa shingo upande. Usiku nilimpapasa mbavu akiwa amelala, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote. Nilimwona tayari na ule mpira puani.

Halafu kukanyesha ile mvua yetu inayoshuka mlimani bila kubisha hodi. Soko likalowa, nikafunga mapema, nikaenda kituoni nikiwa na kitenge kichwani. Nilipofika mlangoni, Tantine, bila hata kugeuza kichwa, alininyooshea kiganja: simama. Simu yake ilikuwa inalia mfukoni na hakuishughulikia. Watoto walikuwa wanapiga ngoma upande wa pili, mmoja anamwita aje amsaidie hesabu, na yeye hakuinuka. Alikuwa ameshaonja. Kijiko kisafi kilikuwa ndani ya bakuli, na mkono wa binti yangu ulikuwa juu ya kijiko.

Mimi, ambaye sijanyamazishwa na askari wala na mume, nilisimama mvuani kimya. Binti yangu alichota kiazi kidogo, akakitazama, akakitia mdomoni. Akamtazama Tantine. Tantine akaendelea na habari za kuku. Mtoto akameza.

Nililia kwa sauti, lakini mvua ilinisitiri. Nimewahi kushukuru watu wengi kwa mdomo. Yule mwanamke nilimshukuru kwa mwili wote, na hata leo nikimkuta barabarani nashindwa kumsalimia kwa kifupi.

Haikuwa mteremko baada ya hapo. Kuna siku alikula vijiko viwili, kuna siku hakula kabisa, nami nikarudi kufoka na Tantine akarudi kucheka. Lakini sketi ilianza kukaa kiunoni, na daktari akaacha kuzungumzia wodi.

Juzijuzi nilipokwenda kumchukua, nilikuta pameletwa katoto kageni, kasichana kalikokumbatia mkoba na kufunga mdomo. Tantine alikuwa amesimama mbali. Aliyekaa kwenye benchi kando ya mgeni alikuwa binti yangu, anaonja, anabadilisha kijiko, anasimulia habari za kuku wasio wake. Nikakaa mwisho wa benchi nimsubiri. Sikuwa nimetia kitu tumboni tangu chai ya asubuhi; ndivyo nilivyozoea kuishi tangu alipougua, na sikudhani kuna mtu aliyeona.

Binti yangu alipomaliza alikwenda jikoni, akarudi na bakuli jingine. Alikaa karibu nami, akachota, akatafuna polepole, akafungua mdomo nione kwamba amemeza. Akaweka kijiko kisafi.

"Mama, na we ukule," alisema. "Umekonda sana."

Nikakishika kijiko, nikala mbele yake mpaka bakuli likaisha.