Makopo ya Mbegu Ruaha Mbuyuni

Asubuhi moja nilidandia lori Mbeya bila kujua niendako. Nilipofika Iringa nikamuuliza mwenye duka wakulima wanapenda mbegu gani ya vitunguu.

"Ya kopo jekundu. Ndiyo inayonunuliwa."

Nikamaliza akiba yangu yote kwa makopo hayo, nikaenda kuyauza Ruaha Mbuyuni.

"Mama, huku wote wanapanda hii," nilimwambia mkulima mmoja.

"Wote nani, mwanangu?"

Jua likazama sijauza hata kopo moja. Mama yule akanihurumia, akanipa chumba. Humo vilining'inia vichwa vya maua ya vitunguu vilivyokauka, vimejaa mbegu nyeusi.

"Hizi tunagawiana bure na majirani," akasema. "Dukani huenda yule ambaye zake zimeliwa na panya. Lala bila wasiwasi. Huku hakuna atakayeyaiba makopo yako."