Nadhiri ya Wardiya

Wardiya alipoachwa na mumewe, baada ya miaka kumi na mmoja bila mtoto, alirudi Aljeri kwa kaka yake Mukran na sanduku moja na cherehani. Hakuna aliyemsema, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Mtu akikutukana, unaweza kufunga virago vyako ukaenda zako. Lakini kaka anayekupa chumba chake mwenyewe, anayekuchagulia pande la nyama nono na kukuita "amana aliyoniachia mama," huyo utamkimbiaje?

Nyumba ilikuwa ghorofa ya nne, mtaa wa Belkur, na dirisha la chumba chake lilitazama ukuta na nguo za majirani. Sokoni alikwenda Mukran. Bafu la umma alikwenda mara moja kwa mwezi, akifuatana na wifi yake Nuara. Mwanamke aliyeachika hazururi. Macho ya Belkur hayalali, na Mukran, mtu mpole asiyemkanyaga hata paka, aliogopa maneno ya watu kuliko alivyoogopa njaa.

Ijumaa ilikuwa siku nyingine. Ijumaa asubuhi wanawake wa Aljeri huenda makaburini, na hajazaliwa mwanamume wa kumzuia mwanamke kwenda kumsalimu mama yake aliye udongoni. Mama yao alilala El Kettar, juu kilimani, upande wa pili wa mji. Basi saa moja asubuhi Wardiya alijitanda haiki, lile shuka jeupe linalomfunika mtu kutoka utosini hadi miguuni, akachukua kikapu cha mkate na tini kavu za kuwapa maskini, akaaga. Alirudi saa saba mchana. Nyumbani walijua anapanda basi, na basi la Ijumaa, kila mtu anajua, huja likitaka. Hakuna aliyemuuliza.

Hakuwahi kulipanda hata siku moja. Alitembea.

Alitembea miaka minane, mji mzima, bila hata kumi mfukoni, na sidhani kama kuna tajiri wa Aljeri aliyeufaidi mji ule kama yeye. Ndani ya haiki hakuwa mwanamke aliyeachika wala dada wa Mukran. Alikuwa shuka jeupe miongoni mwa mashuka meupe, na jicho moja la kutazamia. Dukani kwa vitambaa alisimama mbele ya kioo mpaka akajua mshono wa kila gauni, akaenda kuushona nyumbani kwa kitambaa cha pazia. Muuza manukato chini ya matao alimpaka tone la yasmini kiganjani, akasema, "Nusa, mama, kunusa ni bure," naye akanusa njia nzima hadi bandarini. Pale aliegemea ukuta wa barabara ya juu, akatazama meli iendayo Marsei, ng'ambo ya bahari, ikipakia watu, akalia na waliokuwa wakilia na kucheka na waliokuwa wakipokea wageni, ingawa hakuwa na mgeni wala msafiri.

Kubwa zaidi ilikuwa sinema. Kuingia hakuingia hata mara moja, na hakuna filamu iliyompita. Picha zilibandikwa mlangoni, nane au kumi, akazisoma moja baada ya moja, na hadithi akaitunga mwenyewe huku akipanda ngazi za Kasba, mji wa kale, akipumzika kwenye kila bomba la maji. Alipofika kaburini alisoma Fatiha, akagawa tini, kisha akakaa chini.

"Mama, yule mwenye masharubu kamwacha mkewe tena," alisema. "Safari hii kwa ajili ya mwimbaji. Na mke naye si mjinga, nimeona ameshika bastola."

Wanawake wa makaburi ya jirani walikuwa wakisogea kumsikiliza.

Sasa, Mukran alikuwa ameandikisha jina kwenye orodha ya magari ya serikali, akasubiri miaka sita. Jumatatu moja ya masika akaja na gari. Dogo, jeupe, viti bado vina nailoni. Aliwateremsha wote ngazi kulitazama, na watoto wa mtaa wakalizunguka.

"Dada," alisema, na macho yake yalikuwa yamelowa, "wewe ndiye wa kwanza. Kuanzia Ijumaa hii nakupeleka kwa mama mimi mwenyewe. Mambo ya kupanda basi yamekwisha. Dakika kumi na tano tumefika, tunasoma Fatiha, saa tatu tumerudi."

Wardiya alirudi nyuma hatua moja. "Usijisumbue, kaka. Ijumaa ndiyo siku yako ya kupumzika."

"Kujisumbua! Wewe ni dada yangu."

"Lakini petroli..."

"Hilo niachie mimi."

Kilichotoka kinywani mwake hakukipanga. "Nimeweka nadhiri," alisema. "Siku tuliyomzika mama. Niliapa kwamba nitakwenda kwake kila Ijumaa kwa miguu."

Watu wa pale hawachezi na nadhiri. Mwanamume anaweza kubishana na mkewe, na dada yake, na hata na serikali akijisikia, lakini ahadi aliyopewa Mungu haiwekei mkono. Wardiya alilijua hilo, na kwa dakika moja aliona ameokoka.

"Kwa miguu?" Mukran aliuliza. "Na basi je?"

"Niliona haya kukwambia."

Njia ya mwongo ni fupi, nao wazee hawakukosea. Mukran alikaa kwenye ukingo wa njia akashika kichwa. Miaka minane dada yake amekuwa akikata mji kwa miguu, jua na mvua, na yeye kaka mtu amelala! Alilia pale pale mbele ya watoto. Kisha akainuka, hata gari hakulifunga, akaenda kwa imamu.

Alirudi baada ya swala ya alasiri, uso unang'aa.

"Umefunguliwa, dada! Imamu kasema Mungu hana haja na mtu anayejitesa nafsi yake. Kasema mwambie apande gari, na alishe maskini kumi kuwa kafara ya nadhiri yake. Chakula juu yangu. Alhamisi tunalisha, Ijumaa unapanda."

Aseme nini? Aseme nadhiri ilikuwa uongo? Au aseme kwamba hakuwa akijitesa, kwamba hapakuwa na mateso yoyote katika ile safari, kwamba furaha yake yote ya wiki aliipata barabarani, baina ya kioo cha duka na picha za sinema? Kaka yake angeyasikia maneno hayo kama habari za mwanamke mwingine, mwanamke ambaye hakumtaka nyumbani. "Mungu akulipe, kaka," alisema.

Alhamisi wakakaa jikoni, yeye na Nuara, wakipikicha kuskusi kwenye sinia kubwa la mbao. Nuara alikuwa mwanamke wa maneno machache, na machache hayo yalikuwa na miba.

"Wifi," alisema bila kuinua uso, "miaka minane ya mateso, na mbona unarudi ukiimba?"

Mikono ya Wardiya ilisimama.

"Endelea, unga utakauka," Nuara alisema. "Nimejua siku nyingi. Soli za viatu vyako nani anazipeleka kwa fundi kama si mimi? Basi gani hilo linalokula viatu?"

"Usimwambie."

"Nimwambie ili nipate nini? Nilikuwa nakuonea wivu, basi. Wewe angalau ulikuwa na kaburi. Mama yangu yuko hai, kule milimani, ana afya kama punda. Mimi sina hata maiti wa kunitoa nje."

Wardiya alimtazama wifi yake kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Walikuwa wamekaa nyumba moja miaka minane, ukuta ule ule, na hajawahi kumletea hata harufu ya ile yasmini. Alitaka kumwambia samahani. Akasema, "Niongezee maji," na Nuara akamwongezea.

Maskini kumi walikuja baada ya adhuhuri, wakakaa ukumbini kuzunguka masinia mawili. Mukran aliwahudumia kwa mikono yake. Walikula Ijumaa zote za Wardiya, wakaramba vijiko, wakanawa, kisha mkubwa wao akainua mikono na kumwombea yule mwanamke aliyepika, Mungu amwondolee kila taabu ya njia. Nyuma ya pazia la jikoni Wardiya aliitikia amina, kwa sababu dua haikataliwi.

Siku ya pili saa mbili na nusu alikaa kiti cha mbele na kikapu mapajani. Mukran alimfungia mlango kama bibi harusi. Belkur ikapita. Duka la vitambaa likapita, hata rangi ya gauni hakuiwahi. Matao yakapita mbio mbio, nguzo, nguzo, nguzo, na bahari ikikatwa vipande katikati yake. Mlangoni mwa sinema palikuwa na picha mpya. Aliona mwanamke mwenye nguo nyekundu na kitu mkononi, barua au kisu, akageuka kutazama, gari likakata kona.

Hapo machozi yakamtoka. Alijaribu kuyazuia kwa ncha ya haiki, yakamshinda, akaanza kulia kwa kwikwi.

Mukran alimtupia jicho. Alimpenda dada yake. Akapandisha kioo cha upande wake ili watu wa barabarani wasimwone.

"Lia tu, dada," alisema kwa upole. "Najua una hamu naye. Tunafika sasa hivi."

Na kwa huruma, akakanyaga mafuta.