Neno Lililomkwama Wakili Polepole

Mawakili wenzake walimwita Polepole, na hakuwahi kuwakataza. Alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Neno lilimganda kooni, shingo ikakakamaa, macho yakajifumba, na waliokuwa mbele yake wakaanza kutazama viatu vyao. Kwenye korido za mahakama walitania kwamba Polepole akisema "naomba" asubuhi, "kuwasilisha" itafika alasiri. Yeye alicheka pamoja nao. Mkewe tu, muuguzi wa wodi ya wazazi, ndiye aliyejua kwamba siku za namna hiyo, akifika nyumbani, alikaa kwanza ndani ya gari mpaka uso umtulie.

Kwa muda mrefu kigugumizi hicho hakikumnyima riziki, kwa sababu alifanya kazi na mwenzake waliyemwita Radi. Sauti ya Radi ilijaza ukumbi wa mahakama bila kipaza sauti. Polepole aliandika hoja, Radi akazisema. Ofisi yao ilikuwa juu ya duka la magodoro, na siku za kushusha mzigo wateja walipanda ngazi wakipigana vikumbo na magodoro, wakaingia huku wanacheka. Radi aliwapokea mlangoni, Polepole akawapa mkono na kurudi kwenye meza yake ya dirishani. Watu wengi walidhani ni karani.

Radi alipofariki ghafla, wateja walikuja msibani, wakampa Polepole pole, kisha mmoja mmoja wakahamia kwa mawakili wengine. Hakuwalaumu. Nani angempa kesi yake mtu ambaye kulitaja jina lake mwenyewe tu kulimtoa jasho?

Binti yake, mwalimu wa kompyuta katika chuo cha ufundi, ndiye aliyemwandikisha kwenye soko la mashauri la mtandaoni. Alimweleza kwamba wakili mwenye shauri asiloweza kulishika, labda liko mbali naye, labda si fani yake, labda linagongana na mteja wake mwingine, hulieleza pale kwa ufupi bila kutaja majina. Mawakili wengine husoma, anayelitaka huomba, na mwenye shauri huchagua. Lakini mteja ndiye mwenye uamuzi wa mwisho. Asiporidhika na wakili mpya, shauri halihami.

"Huku unaandika tu, baba," binti alimwambia. "Kuandika hakuna anayekushinda."

Mwanzoni alishindwa hata huko. Soko lilijaa vijana wepesi wa kubofya, na yeye alisoma kila tangazo mara mbili. Akimaliza, anakuta limeshachukuliwa. Binti yake alimcheka, akasema hata mtandaoni ni Polepole yule yule. Lakini taratibu akaanza kupata kazi: mkataba wa kupangisha hapa, wosia pale, katiba ya kikundi cha ushirika. Zote kazi za karatasi. Ofisini simu ilinyamaza, na yeye akaandika kwa amani ambayo hakuwahi kuipata wakati wa Radi. Alianza kuamini kwamba atafikia kustaafu bila kusimama tena mbele ya hakimu.

Kisha akaona shauri ambalo halikuchukuliwa na mtu. Kila asubuhi alifungua kompyuta akalikuta pale pale, huku mengine yakija na kuondoka. Mwanamke aliomba mahakama itamke kwamba mume wake amekufa. Mume alikuwa dereva wa lori. Msimu mmoja wa mafuriko lori lilikutwa kando ya mto, mlango wazi, dereva hayupo. Mwili haukuonekana. Miaka inayotakiwa na sheria ilikuwa imepita zamani, na shauri lenyewe lingekuwa jepesi kama si jambo moja. Mama mzazi wa dereva alikuwa anapinga.

Polepole aliandika kuuliza kwa nini wakili wa kwanza aliliacha. Wakili huyo, mwanamke wa mji wa jirani, alimjibu siku hiyo hiyo. Yule mama ndiye aliyetangulia kuwa mteja wake. Mwanawe alipopotea, wakili huyu ndiye aliyemwandikia barua za kumtafuta hospitalini na kwenye vituo vya polisi. Leo hawezi kumsimamia mkwe dhidi ya mama huyo huyo. Polepole akauliza kama kuna lolote analopaswa kujua kuhusu mama. "Aliyoniambia ni yake," wakili aliandika. "Nikukabidhi shauri, siri zake siwezi."

Jibu hilo lilimpendeza. Akaliomba shauri.

Mke wa dereva, ndiye mwombaji, alikuja ofisini, mwanamke mrefu mwenye mikono ya kazi. Alikuwa fundi wa mapazia. Polepole hakumficha. Alimwambia kwamba kwa kuwa mama mkwe anapinga, wakili atalazimika kusimama na kuhoji, naye kusema kunampa taabu kama anavyomsikia. Akitaka mwingine, hatamwekea kinyongo.

"Wakili," mwanamke alisema, "mimi nimemsubiri mtu miaka yote hii. Nitashindwa kusubiri sentensi?"

Akaeleza kwa nini amekuja. Nyumba iko kwa jina la mume na paa linavuja, lakini si hilo lililomleta. Watu wakimuuliza mumeo yuko wapi, hajui ajibu nini. Si mke, si mjane. Akivaa nguo nzuri anasemwa, akilia anaambiwa anamchuria. Na mama mkwe anaishi naye nyumba moja, wanapika jiko moja, wanakula pamoja. Tangu ombi lifikishwe mahakamani wanakula bila kusema.

Wiki zilizofuata Polepole alifanya mazoezi jikoni kwake, mkewe akiwa hakimu, amekaa na kisu na vitunguu. Kila mwenye kigugumizi ana njia zake za kuchepuka: neno likigoma, analiacha, anachukua jirani yake. Polepole alikuwa na majirani wengi wa lile neno ambalo shauri zima lilisimama juu yake. Hayupo tena. Ametutoka. Hatarudi. Mkewe alimwambia yote yatafaa.

Siku ya kusikilizwa ukumbi ulikuwa mdogo, wenye feni moja iliyogonga kila ilipozunguka. Hakimu, mwanamke wa makamo, aliandika mwenyewe kwa mkono. Mwombaji alitoa ushahidi wake kwa ufupi. Kisha akaitwa mama mkwe. Alikataa kiti. Alisimama kizimbani ameukumbatia mkoba wake, akala kiapo, akasema hana wakili na hahitaji, maana neno lake ni moja: mwanawe alijua kuogelea.

Polepole alisimama. Maswali ya kwanza yalipita, kwa kukwama na kukwamuka. Mama hakutazama viatu. Alimtazama usoni, akasubiri kila neno lifike, ndipo akajibu. Hakupata barua. Hakupigiwa simu. Ndiyo, mwanawe alikuwa mtu wa kupiga simu. Ndiyo, hata akichelewa kidogo tu.

"Kwa hiyo, mama, unakubali kwamba ha-hayupo tena?"

Hakimu akainua kalamu. "Wakili, uliza waziwazi. Hayupo wapi? Nikiandika hivyo haitaeleweka."

Njia zote za kuchepuka zikafungwa. Polepole alishika ukingo wa meza.

"Mama, unaamini kwamba mwanao ame... ame..."

Neno likaganda. Shingo ikakakamaa. Alisikia feni ikigonga, karani akikohoa, kiti kikilia nyuma yake. Akajaribu tena, likagoma tena. Mama aliinama kidogo mbele, uso umemlegea kwa huruma, kama anayemtazama mtoto akihangaika na kifungo cha shati.

"Amekufa, mwanangu," alimmalizia kwa upole.

 Mama mwenyewe alibaki mdomo wazi kidogo. Neno lilikuwa limeshatoka, na lilitoka kwake. Mkoba ukamshuka taratibu mpaka kiunoni.

Kalamu ya hakimu ilikuwa tayari juu ya karatasi. Polepole alijua kwamba kwa neno lile moja shauri limekwisha. Wakili yeyote angekaa chini hapo hapo. Radi angekaa, tena kwa tabasamu. Lakini aliona haya kuliko alivyowahi kuona maishani, kwa sababu mdomo wake mwenyewe ulimtoa mama neno ambalo hakukusudia kulisema.

"Mheshimiwa," alisema, na safari hii hakujali lilichukua muda gani, "shahidi alikuwa ananisaidia mimi. Na-naomba lisiandikwe kuwa ni jibu lake."

Mwombaji, pale kwenye benchi, alimgeukia kwa mshangao. Hakimu alimtazama wakili, kisha akamtazama mama. Akamuuliza kama ndivyo, kwamba alikuwa anamsaidia tu.

 Mama akavuta kiti alichokikataa, akaketi.

"Nilikuwa namsaidia," alisema. "Lakini liandike. Mimi pia lilikuwa limenikwama."

Hakuulizwa swali jingine. Uamuzi ulisomwa mchana huo, kurasa chache. Mahakama ilitamka kwamba dereva amekufa. Hakimu aliongeza kwamba iwapo siku yoyote ataonekana akiwa hai, tamko hilo litafutwa, na alilisoma sehemu hiyo akimtazama mama.

Nje, kwenye korido, mwombaji alimkabili Polepole. Hakuwa na hasira, alitaka kujua tu. Kama hakimu angelifuta lile neno, ingekuwaje? Polepole alimwambia wangeendelea kuthibitisha kwa njia nyingine. Pengine wangeshinda, pengine wangerudi tena na tena. "Na wewe unarudi kuishi na mama nyumba moja," alisema. Mwanamke akaitikia kwa kichwa, akaenda kumchukua mama mkwe wake kwenye benchi. Mama hakulia mpaka alipofika kwenye ngazi. Hapo aliketi, mkwe akaketi kando yake, na watu wakawapita huku na huku.

Jioni Polepole alimwandikia wakili wa mji wa jirani kwamba shauri limekwisha, akaambatisha uamuzi. Wakili hakuuliza habari za uamuzi. Aliuliza mama ametoka mahakamani na nani. Polepole akajibu: na mkwe wake, wameshikana mikono.

Baada ya muda familia ilifanya kisomo cha kumkumbuka dereva, na Polepole akaalikwa. Alikwenda na mkewe. Paa la sebuleni lilikuwa limeshatengenezwa upande mmoja. Alikaa na wanaume chini ya turubai, karibu na madereva waliofanya kazi na marehemu, waliokuwa wanasimulia jinsi alivyopenda kuimba akiendesha, vibaya kupita kiasi. Mama alipita akisalimia safu kwa safu. Alipomfikia Polepole alisimama, akamshika mkono, na hakuuachia upesi.