Sweta yenye Kiraka cha Kijani

Leo sadaka yetu imerudi nasi shuleni, na mimi sina amani.

Mnajua nimehamia kufundisha katika shule hii ya masista hapa Tororo muhula huu tu. Kila Kwaresima wasichana hujaza gunia la nguo wakampelekea mtu mwenye shida. Hata sweta zilizosahaulika bwenini hufuliwa, zikaingia humo.

Safari hii tulielekezwa kwa mama mmoja anayeishi peke yake kule Iyolwa.

Akatutandikia mkeka. Tukasali. Nikafungua gunia, nikampa sweta iliyokuwa juu kabisa.

(Ningechukua ya chini yake, jamani.)

Akaigeuza, akashika kiwiko. Kilikuwa na kiraka cha uzi wa kijani.

"Mwalimu, hii kiraka nilishona mimi."

Nikacheka kidogo. Nilidhani ni utani.

Nyuma yangu msichana mmoja akaninong'oneza, "Athieno ndiye aliyekuwa na kiraka hicho, mwalimu. Yule aliyefariki mwaka jana."

Mama hakulia. Aliiweka puani, akavuta pumzi muda mrefu.

"Mmeifua," akasema.

Basi.

Kisha akamwita yule msichana, akamvika ile sweta kwa mikono yake, akamfunga vifungo vyote hadi shingoni. "Rudi nayo shule. Mwenyewe hakumaliza."

Njia nzima nilitembea nyuma ya kile kiwiko.

Sasa hivi niko darasani nasimamia masomo ya jioni. Joto ni kali, wenzake wote wamevua sweta. Yeye hajafungua hata kifungo kimoja.

Mngekuwa ninyi, mngemwambia aivue?