Nusu ya Pili ya Picha ya Majitu ya Chuma

Sauti ya Isdori ilipoanza kukwaruza, watu wa mtaa wa Malangali, Sumbawanga, walimpigia makofi. Huo ndio ukweli, na leo wasijifanye hawakumbuki. Ilikuwa Jumapili mchana, banda la video limejaa, yeye kakaa pembeni ya televisheni na maiki yake akitafsiri picha ya ngumi. Mara koo likamkaba, na adui wa kwenye picha akatoka na sauti nzito iliyopasuka, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Vijana wakasimama juu ya mabenchi. "Oya, mzee katisha!" Isdori akanywa maji, akakohoa, akaendelea hivyohivyo mpaka mwisho.

Mtu mwingine angeshtuka. Isdori alifurahi, tena sana.

Kazi yake ilikuwa kuongea juu ya picha za nje, ili mtu asiyejua Kichina wala Kiingereza acheke na alie kwa wakati wake. Alizaliwa Msanzi, kwa wazazi wakulima wa mahindi na ulezi, akaishia kidato cha pili, akaja Sumbawanga na Kiingereza cha kuokoteza. Mengine alijaza mwenyewe. Kwa miaka kumi na mitano aliongea papo kwa papo, mbele ya watu, na maneno yote hayo yalipotea, kwa sababu hakuna aliyeyarekodi. Baadaye alipata kompyuta, akawa anaingiza sauti, ingawa Jumapili bado aliongea bandani, na vijana wa stendi wananakili kwenye flashi na kuuza.

Alikuwa na mpinzani mmoja tu, Andwele, kijana wa Mbeya aliyemfundisha yeye mwenyewe. Kwa miaka mitatu Andwele alimbebea nyaya na kukaa nyuma yake akisikiliza, kisha akafungua chumba chake karibu na soko na kuanza kutoa picha zilezile, tena kwa kumuwahi mwalimu wake. Tangu hapo walisalimiana shingo upande. Kwa hiyo sauti mpya ilipokuja, Isdori aliiona kama zawadi. Sasa hata mtoto wa darasa la pili akipita kibandani alijua hii ni ya nani.

Akaanza kuitunza, Mungu amsamehe. Aliacha tangawizi kwa kuwa ilimlainisha koo. Siku akiamka sauti imetulia, alijifungia chumbani na kupiga kelele mpaka ipasuke, ndipo anawasha maiki. Mkewe, Avelina, alimsihi.

"Baba Sharon, nenda hospitali. Hiyo si mafua."

"Unataka nipone, halafu tule nini?"

Akacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa mluzi. Ulipita mwaka mzima na miezi minne.

Katika mwezi wa mwisho wa huo mwaka na miezi, Suma, muuza flashi wa stendi, alimletea picha ya Kijapani ya zamani, ya kuchorwa kwa mkono, ya enzi ambazo Isdori mwenyewe alikuwa shule ya msingi. Ndani mlikuwa na majitu ya chuma marefu kuliko mnara wa kanisa, na kila jitu linaendeshwa na mtu mmoja aliyekaa kifuani mwake. Waendeshaji wawili walikuwa marafiki tangu utoto. Dunia imechoka, udongo hauoti tena. Mmoja anataka watoto wote wapakiwe kwenye meli kubwa ya angani, watake wasitake, na wazazi wabaki wafe na ardhi yao. Mwingine anasema hapana, binadamu haokolewi kwa kunyang'anywa. Wanapigana kwa saa mbili, na kila mmoja ana haki.

Isdori alizoea kuwapa watu wa kwenye picha majina ya huku kwetu. Huyu wa meli akamwita Kalambo, yule mwingine Rukwa. Halafu akakwama. Watazamaji wa Sumbawanga, kitu cha kwanza wanachouliza ni steringi yuko wapi, ili wajue wamshangilie nani na nani wangoje afe. Picha hii haikuwa na steringi. Aliitazama mara kumi na moja, na kila mara alimwonea huruma mwingine.

"Hii nitaitafsiri kama ilivyo," alimwambia Avelina. "Sitamdanganya mtu. Nikifa leo, nataka hii ndiyo ibaki."

Alisema vile kwa mazoea tu. Wiki iliyofuata alitema damu sokoni, mbele ya wauza maharage.

Daktari wa Mbeya alikuwa mpole. Alimweleza kwamba ni saratani, imekaa palepale sauti inapotengenezwa, na njia iliyobaki ni kukata na kutoa vyote. Atapumua kwa tundu la shingoni. Hataongea tena.

"Ungekuja mwaka jana tungejaribu kuichoma kwa mionzi," daktari alisema. "Huenda sauti ingebaki. Hukuona inaharibika?"

Isdori aliona aibu kujibu. Angeanzaje kumweleza mtu msomi kwamba alipigiwa makofi?

Aliomba wiki mbili. Daktari hakupenda, Avelina alilia njia nzima kurudi, basi likipigwa na upepo wa Ufipa, lakini Isdori hakuelewa kitu kingine chochote duniani isipokuwa kwamba ana saa mbili za picha na koo la siku chache. Alirekodi asubuhi tu, dakika tano tano, akitema kwenye kopo. Alimpa Kalambo sauti ya chini na Rukwa ile ya juu kidogo. Siku ya tisa alifika katikati ya picha, meli inafunguliwa milango na akina mama wanawang'ang'ania watoto. Akafungua mdomo, ikatoka pumzi tupu. Alijaribu siku ya kumi, ya kumi na moja. Siku ya kumi na mbili Avelina alisimama mlangoni.

"Umemaliza?"

Akatikisa kichwa kukubali. Alidanganya kwa sababu hakuweza kuvumilia tena yale macho, na kwa sababu angesema kweli wangebishana, na sauti ya kubishana hakuwa nayo.

Alirudi kutoka Mbeya miezi miwili baadaye, amekonda, kitambaa shingoni, daftari la shule mfukoni. Akitaka chai aliandika chai. Watu walikuja kumpa pole, wakaongea kwa sauti kubwa utadhani amekuwa kiziwi, wakaondoka mapema. Avelina alipokwenda Msanzi kuvuna ulezi wa wakwe zake, Andwele akabisha hodi.

"Shikamoo, mwalimu."

Isdori alimwangalia tu. Angefanya nini? Kijana alikaa bila kukaribishwa, akashika kofia yake.

"Suma ameniambia picha iko nusu. Niachie nimalizie. Sitaweka jina langu. Nitaongea kama wewe, hakuna atakayejua. Hiyo sauti yako naiweza, mwalimu. Miaka yote nimekuwa nikiiiga bafuni."

Isdori alitaka kumfukuza, akakosa hata namna ya kufukuza mtu kwa kalamu. Alikaa siku tatu na hasira. Siku ya nne alijaza daftari zima, nani aseme nini, wapi anyamaze, na juu kabisa akaandika: HAKUNA STERINGI. Akampelekea mwenyewe, kwa miguu.

Picha ilioneshwa Jumapili, banda la Malangali, saa tisa mchana. Kwa kuwa ilitangazwa kuwa ya mwisho ya Isdori, walikuja mpaka wazee, na Avelina alivaa kitenge kipya akakaa naye benchi la nyuma. Sauti ikaanza. Ilikuwa yake, akajisikia anapumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu Mbeya. Watu waliuliza steringi nani, wakazomea, kisha polepole wakatulia.

Milango ya meli ikafunguliwa. Isdori alikaza mikono magotini. Hapa ndipo alipoishia.

Sauti ikaendelea. Mkwaruzo uleule, kikohozi kilekile kidogo kabla ya neno zito. Hakuna aliyegeuka. Isdori alimtazama mmoja mmoja, wateja wake wa miaka ishirini, wengine aliwafahamu wakiwa hawajavunja ungo wala kubalehe, akingoja hata mmoja akunje uso. Wote walikuwa wameduwaa kwenye kioo.

Mwishoni majitu yote mawili yamevunjika, meli imeondoka nusu tupu. Kalambo anakufa kifuani mwa jitu lake. Katika daftari Isdori alikuwa amemwandikia, "Kwaheri, ndugu yangu." Andwele hakusema hivyo. Alisema, "Rukwa, watoto wakiuliza nani alikuwa mbaya, usinitaje peke yangu."

Mzee mmoja akavua kofia. Isdori alijua, na ilimuuma kuliko kisu cha Mbeya, kwamba neno lile yeye asingelipata hata kwa miaka mingine ishirini.

Avelina alikuwa analia. Amelala pembeni ya sauti ile miaka ishirini na sita. Akamshika mkono mumewe, akausogeza mdomo sikioni kwake.

"Hapo," alisema. "Hapo ndipo nimekusikia wewe mwenyewe, baba Sharon. Maneno mengine yote yasahaulike, lile nitakufa nalo."

Isdori akatikisa kichwa kukubali.