Mashine Iliyosema Dar es Salaam

Mimi sijui kutulia. Chai ikiletwa nitakuwa nimesimama mara tatu kabla haijapoa, mara dirisha, mara jiko, mara sijui nini. Mwaka niliojiwekea ile mashine ndipo nilipozidi. Ilikuwa kompyuta mpakato ya zamani yenye kioo kilichopasuka, niliyopewa na shule ninayofundisha kompyuta hapa Masasi kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Niliipandisha juu ya kabati la vyombo, nikaiwekea programu huria moja: ukiiandikia jina la tovuti, inakupa namba ya mahali tovuti ilipo, ukiipa namba yenyewe, yaani anwani ya IP, inakuambia ni ya kampuni gani na ya mji gani. Huduma za namna hiyo ziko tele mtandaoni, tena za bure, lakini zile ni za watu, na kila unachouliza wanabaki nacho. Mimi nilitaka yangu, ikae kabatini kwangu, inijibu mimi.

Ilinitoa jasho wiki mbili. Intaneti ya nyumbani kwangu ni ya laini ya simu, na laini ya simu haikupi anwani yako peke yako. Maelfu ya watu mnatokea mlango mmoja, na mlango wenyewe kampuni imeuandikisha Dar es Salaam, hata kama wewe uko Masasi unakaanga samaki. Kwa hiyo mtu wa nje hakuweza kuifikia mashine yangu mpaka nilipokodi kijiseva cha mbali kiwe kinaipokelea wageni. Haya nayaeleza makusudi. Nataka ieleweke kwamba hilo la Dar es Salaam nilikuwa nalijua, na nililijua kwa taabu.

Mjomba wangu, kaka yake mama, anakaa Newala. Ndiye mpimaji wa korosho kwenye ghala la chama chao cha wakulima, tangu mimi sijaolewa. Kwetu mjomba ndiye mwenye kauli. Mama alipofariki, yeye ndiye aliyetugawia mikorosho ya mama kule Chiwata, mimi na mdogo wangu wa kiume anayefanya kazi Dar. Mdogo wangu hana kingine cha mama ila miti ile. Kila msimu anaomba likizo, anakuja kuokota mwenyewe, kibarua hataki hata kumsikia.

Chama kilikuwa na ukurasa mtandaoni, nimewatengenezea mimi, wenye sehemu ya maoni. Siku moja ukaingia ujumbe usio na jina: mpimaji macho yamekwisha, anasoma kilo pungufu, apumzike.

Mjomba alinipigia saa nne asubuhi, nikatoka nje ya darasa.

“Hiyo mashine yako,” alisema, “si inajua watu wanakotokea?”

Hapo ndipo nilipopaswa kusema hapana. Lakini katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kuniuliza habari za mashine ile. Mume wangu aliiita lile feni lako, kwa jinsi lilivyokuwa likivuma. Sasa mjomba mwenyewe anauliza, tena kwa heshima. Nikavimba kichwa. Nilichukua anwani iliyokuja na ule ujumbe, nikaiingiza, nikamsomea jibu kwa sauti ya mtangazaji wa redio: “Dar es Salaam.”

“Basi,” akasema. “Nimeshamjua.”

Na mimi nikajua amemjua nani. Msimu uliopita mdogo wangu alimwambia palepale ghalani, mbele za watu, “Mjomba, vaa miwani, utatupunja.” Watu walicheka, mjomba naye alicheka. Kumbe aliliweka moyoni. Simu ilikuwa bado sikioni kwangu, neno moja tu lingetosha. Nikasema, “Haya, mjomba.”

Siku ya pili yake mdogo wangu akanipigia. “Dada, mjomba ananiambia nisikanyage tena Chiwata, msimu huu wala mwingine. Anasema namchafua. Nimemchafua vipi?”

Nilimwambia atulie, nitaongea na mzee. Sikumwambia kwamba jina lake limetoka kabatini kwangu.

Wiki ile sikukalika. Nilifua nguo zilizokuwa safi. Niliizima mashine, nikaiwasha, nikaizima. Darasani niliandika ubaoni nikafuta kabla wanafunzi hawajanakili, wakabaki wananitazama. Nilijiambia hasira za mjomba zitapoa zenyewe. Nikajiambia pengine kweli ni mdogo wangu, maana mdomo anao. Hilo la mwisho lilinitia aibu hata nikiwa peke yangu. Mume wangu aliniona napanga masufuria niliyoyapanga asubuhi, akasema, “Mwenzangu, kama ni kwenda, nenda.”

Jumamosi nikapanda gari la Newala na madumu mawili ya maji, maana kule juu maji ni shida, na ukipanda wakati wa kiangazi na sukari bila maji utaonekana huna akili.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mama. Karibu.”

Kwa mjomba, shida haisemwi kabla ya kula. Ukiianza mapema anakuuliza kama nyumba yake inaungua. Kwa hiyo nilikaa mkekani nikisubiri ugali na kisamvu. Nilinawa, nikakaa, nikainuka kunawa tena.

“Maji hayo, mwanangu,” alisema.

Tulipomaliza nikasema yote kwa mkupuo mmoja: kwamba mji ule ni wa kampuni ya simu, si wa mwandishi, kwamba aliyeandika anaweza kuwa Newala, anaweza kuwa Masasi, anaweza kuwa popote.

“Unamtetea,” akasema. “Ni mdogo wako.”

Nikamwomba simu yake, nikafungua ukurasa wa mashine yangu, ambao ukiuingia tu unakutajia anwani yako na mji wako. Nikamsomea. “Mjomba, hapa wewe uko Dar es Salaam.”

Akanyoosha mkono. “Lete.”

Akatoa kwenye mfuko wa shati kitambaa kilichokunjwa, na ndani ya kitambaa kulikuwa na miwani. Sikuwahi kumwona nayo. Aliivaa, akaishika simu karibu na uso, akapitisha kidole chini ya maneno, herufi kwa herufi. Hakutaka tena kusomewa na mimi. Hilo liliniuma kuliko tusi.

“Mimi niko Newala,” akasema taratibu.

“Ndiyo, mjomba.”

“Na siku ile ulikuwa unajua?”

“Nilikuwa najua.”

“Ukaniacha.”

“Nilikuacha.”

Afadhali angenifokea. Alimpigia mdogo wangu hapohapo, akaweka sauti ya nje, kwa kuwa anapenda jambo la ukoo lisikike. “Miti ya mama yako iko palepale. Njoo uokote. Nilikosea mimi.” Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia akisema hivyo.

“Nashukuru, mjomba,” alijibu mdogo wangu. “Lakini nani alikuambia ni mimi?”

Mjomba akanitazama juu ya miwani.

“Ni mimi,” nikasema.

Mdogo wangu akamuaga mjomba peke yake, akakata simu.

Siku hizi mjomba anapima korosho akiwa na miwani, mbele za watu. Na kwenye ukurasa wangu, chini ya kila jibu, nimeandika kwamba mji huu ni wa kampuni, si wa mtu. Aliyetuma ule ujumbe hatumjui mpaka leo, na mjomba hajauliza tena.

Msimu ulipofika nilitandika kitanda cha mdogo wangu, maana akitoka Dar hulala kwangu kwanza, kisha ndiyo anakwenda Chiwata. Nilipika wali, nikatoka barazani, nikarudi, nikatoka tena. Mchana ukapita. Nikampigia.

“Uko wapi? Chakula kinapoa.”

Nilisikia majani makavu yakivunjika chini ya miguu yake, na korosho zikidondoka kwenye ndoo.

“Dada,” alisema, kwa adabu kabisa, “si una mashine? Iulize.”