Siku Nilipotafsiri Maneno ya Mke Wangu

Shule mimi niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza, kwa hiyo msomaji anivumilie nitakapozunguka. Kiswahili nilikipata Musoma mjini, kwa fundi cherehani mmoja Mwislamu aliyenichukua niwe namkatia nyuzi na kupiga pasi. Yeye alizaliwa hapo hapo mjini, lakini ukoo wake ulitoka mbali, na kila niliposema "nilikuwaga" au "nilionaga" alisimamisha cherehani yake anicheke. "Hiyo ga umeitoa wapi, bwana mdogo? Irudishe kwenu." Sikuirudisha mpaka leo, ila nikiandika naificha.

Zikaja zile shida ambazo wenye umri wangu wanazikumbuka. Kitambaa kikapotea madukani, sabuni ikapotea, hata uzi ukawa wa kutafutwa. Fundi akabaki anaipangusa vumbi cherehani isiyo na cha kushona. Mimi nikarudi kwetu, upande wa Butiama, nikaoa, nikalima pamba na mtama. Na mke wangu nilimpiga. Naandika hivyo hivyo, sitaki kulizungusha hilo. Haikuwa kila siku, lakini ilitosha. Baba yangu alimpiga mama nami nikatazama, nikajifunza kama nilivyojifunza kushika jembe, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Mtu wa kuuliza alikuja baadaye, mitumba ilipokwisha kuingia mnadani Bunda na watu wakawa wanavaa makoti mazito kwenye jua kali. Alikuwa dada wa chuo kikuu, kutoka Dar es Salaam. Alisema anasomea jamii. Alitaka kujua mwanaume anafundishwaje kuwa mwanaume, na mwanamke anafundishwaje kuwa mwanamke, na mwenye sauti nyumbani ni nani, kuanzia shambani mpaka kitandani. Kwenye karatasi zake yote hayo aliyaita "jinsia". Sasa kwa Kizanaki, lugha yetu, jinsia utaiitaje? Nilihangaika, mwishowe nikasema "mambo ya ndani ya nyumba", na wanaume waliokuwa wamekusanyika kwa mwenyekiti wa kijiji wakaangua kicheko. Mmoja akasema serikali sasa imefika mpaka chini ya blanketi.

Mwenyekiti alinichagua niwe mkalimani kwa sababu ya kile Kiswahili cha fundi. Dada akanipa sharti moja. Nisimwambie "huyu mama anasema kwamba". Niseme kama yeye mwenyewe. Akisema nililia, na mimi niseme nililia. Basi kwa siku nne nilikuwa mjane, nikawa bi harusi, nikawa mama wa watoto saba.

Nyumba moja ilikuwa ya bibi aliyemwoa mwanamke mwenzake kwa ng'ombe wake mwenyewe, kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume. Kwetu hilo lipo na halimshangazi mtu. Dada akauliza kama karatasi ilivyoandikwa: mume wako ana umri gani? Bibi akasema, "Mume ni mimi. Andika umri wangu." Kalamu ya dada ikasimama. Ilibidi nimweleze kwamba wale hawalali kama mume na mke, yule binti ana mwanaume wake, ila watoto ni wa bibi na wanaitwa kwa jina la nyumba yake. Akafikiri sana, akasema kumbe mume ni cheo tu, mtu yeyote anaweza kupewa. Nilicheka, lakini neno lile lilinikaa vibaya. Cheo hunyang'anywa.

Na kuna jambo sikumwambia dada. Nilikuwa napunguza makali. Mwanamke mmoja alisema mume akirudi amelewa, yeye na watoto wanalala shambani kwenye mtama. Mimi nikatafsiri, "Wakati mwingine tunatofautiana." Niliona naitunza heshima ya kijiji. Kusema kweli niliogopa tu kwamba zile karatasi zitafika serikalini na sote tutaitwa.

Nyumba zenyewe tulikuwa tunazihesabu, kila ya tano tunaingia. Siku ya nne, tulipovuka kijito, nikapiga hesabu kichwani nikaona kwamba ya tano itaangukia kwangu. Njiani kulikuwa na nyumba moja iliyohamwa, nikainyooshea kidole haraka ili hesabu iishie kabla ya kwangu, nikasema, "Hii ya tatu." Dada akaitazama, akaona magugu mlangoni.

"Hii haina watu, baba. Turuke."

Tukaruka. Ningeweza kusema hapo kwamba nyumba ya tano ni yangu. Lakini ningesema, angetafutwa mkalimani mwingine, naye angeyasikia yote ya ndani ya nyumba yangu, na mimi nisingeyasikia. Nikaendelea kuhesabu.

Mke wangu alikuwa uani anapeta mtama. Alimtazama dada, akanitazama mimi, akaona ninavyokwepa macho yake. Akatuletea vigoda viwili. "Karibu, mgeni. Karibu, mkalimani." Miaka yote tuliyokaa pamoja aliniita baba wa kifungua mimba wetu. Neno mkalimani lilinipiga kama maji ya baridi.

Maswali ya mwanzo yalipita salama. Pamba anauza nani? Mume. Mtoto akiugua anaamua nani? Mume. Kisha dada akageuza ukurasa na kusoma lile swali nililokuwa naliogopa tangu kijitoni. Je, mama, siku usipotaka, unaweza kumkataa mume wako?

Ungo ukatulia mikononi mwake. Akajibu kwa Kizanaki, polepole, akimtazama dada. Nami nikafungua mdomo nikasema, "Ndiyo, wakati mwingine nakataa, naye ananielewa."

Nilisahau kitu kimoja. Mke wangu alikuwa anapeleka dagaa mnadani Bunda kila wiki. Kiswahili hakukisema vizuri, lakini alikisikia chote.

"Mkalimani," akasema kwa lugha yetu, "sivyo nilivyosema."

"Amesema nini?" dada akauliza.

Maneno matatu tu ya Kiswahili yangetosha kunimaliza, "huyu mume wangu", na mke wangu alikuwa nayo. Hakuyasema. Alikaa na ungo wake mapajani, ameukumbatia kama ngao, ananisubiri. Ndipo nilipoelewa kwamba anaogopa kuliko mimi, na bado amesema. Nikageukia karatasi za dada, maana usoni kwa mke wangu sikuweza kutazama.

"Nilikataa siku moja," nikasema. "Jino hili ndilo lililotoka." Kidole changu kilikwenda chenyewe mdomoni mwangu. "Tangu siku hiyo, nikimsikia anakohoa njiani, naacha ninachofanya nasimama. Naishi na mtu ninayemwogopa."

Dada aliandika muda mrefu. Kisha akauliza huyo mume yuko wapi sasa.

"Hayuko mbali," akasema mke wangu, na mimi nikatafsiri, "Hayuko mbali."

Tulitoka, tukafika kwenye ua wa minyaa wa jirani. Hapo dada akasimama. "Baba, mume wake akijua amesema haya, si atampiga?"

Nikamjibu sijui. Msomaji asidhani nilikuwa najificha. Nilikuwa sijui kweli, na hicho ndicho kilichonitisha kuliko vyote.

Jua lilikuwa bado halijazama nilipomaliza kazi. Karibu na nyumba kikohozi kikanijia, nikakimeza mpaka machozi yakanitoka. Nikamkuta amekaa kizingitini, mtoto mdogo mgongoni, na nyuma ya mlango kifurushi kimefungwa kwa khanga. Alikuwa tayari kukimbilia kwao, Suguti. Nikasimama uani, sikuthubutu kusogea.

"Ameandika?" akauliza.

"Ameandika."

"Na la jino?"

"Na la jino."

Akanipima kwa macho, kisha akasogea kidogo nipate pa kupita. "Chakula kipo."

Sikumpiga siku ile wala baada yake. Watu huwa wanataka niseme kwamba nilipata akili. Ilikuwa woga. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nawatafsiria wenzangu kwamba majina hayaandikwi, na mimi mwenyewe sikuamini hata kidogo. Miaka mingi mkono ulipotaka kuinuka niliiona ile karatasi, ipo Dar es Salaam, ndani ya kabati, na jino limo. Kama wema ulikuja, ulikuja nyuma kabisa, na sikuuona ulipoingia.

Kile kifurushi kilikaa nyuma ya mlango msimu mzima wa pamba. Nilikuwa nakipita asubuhi na jioni, sikukigusa, sikuuliza. Halafu siku moja nilipotoka shambani niliiona ile khanga ya kifurushi iko kiunoni mwake, anafagia uani, na nyuma ya mlango hapakuwa na kitu.